Lazima nijinadi ndipo nionekane?

Swali limetoka kwa binti wa miaka 34, mhasibu katika taasisi moja ya umma hapa Dodoma. Barua yake ilikuwa ya kurasa tatu. Nimeifupisha kwa ruhusa yake:

"Shikamoo mama. Nina miaka saba kwenye kitengo cha fedha. Kazi yangu kubwa ni kujibu hoja za ukaguzi na kufunga hesabu za mwaka. Miaka miwili iliyopita aliletwa kijana mwenzangu. Si mvivu, ila kila anachokigusa lazima kikao kizima kijue, na kwenye grupu la WhatsApp la ofisi hakauki: picha za usiku akiwa mbele ya kompyuta, 'tunapambana', 'mambo yameiva'. Mwezi uliopita yeye ndiye aliyepewa kukaimu ukuu wa kitengo. Nilipomuuliza bosi, alicheka akasema, 'Tatizo lako wewe hujiuzi.' Nimelelewa na bibi, Kondoa, na bibi alikuwa na neno lake: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa rafiki yangu ananishauri nianze na shamba langu la zabibu la Hombolo, nirushe video mtandaoni nijulikane, 'nijenge jina'. Nikifikiria tu naona aibu. Je, lazima nijifunze kujisifu?"

Marahaba, binti yangu.

Nianze na bibi, maana naona ndiye anayekusumbua kuliko huyo kijana. Bibi hakukosea, ila methali yake ni ya sokoni. Nenda Majengo Jumamosi asubuhi umtazame mnunuzi: nyanya anaibonyeza, mchele anauchota kiganjani na kuupuliza, mlenda mkavu anaunusa. Kizuri kinajiuza kwa sababu mkono na pua ya mnunuzi vimekifikia. Sasa niambie, majibu yako ya hoja za ukaguzi bosi wako anayabonyezea wapi? Mwenyewe umeniandikia kwamba nusu ya wiki yuko safarini, mara Dar es Salaam, mara vikaoni Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Huyo ni mnunuzi anayepita barabarani ndani ya gari, vioo vimefungwa. Anachosikia ni yule mwenye kipaza sauti.

Halafu kazi yenyewe uliyoishika ina mkosi wake. Ikifanyika vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Mnakesha, hesabu zinamfikia CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kabla ya Septemba kwisha. Machi ripoti inakabidhiwa kwa Rais, Aprili inaingia bungeni. Taasisi yenu isiposomwa kwa ubaya, watu wanasema ni kawaida, wanarudi kwenye chai. Nani aje mezani kwako akupe mkono kwa jambo ambalo halikutokea? Anayezima moto shambani hupigiwa vigelegele. Aliyefyeka majani makavu Juni ili moto usipite, huyo anaonekana mtu wa kufyeka tu.

Mimi nilikuwa upande wa bosi wako. Nimefanya kazi ya utawala na rasilimaliwatu kwa miaka 27, mingi nikiwa na watu chini yangu, na kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya ni la namna hiihii. Nilikuwa na vijana wawili masjala. Mmoja alikuwa na ulimi mtamu; ukiuliza jalada, kabla hujamaliza sentensi ameshakujibu, na ameshakueleza na shida alizopitia kulipata. Wa pili alikuwa kimya kama mtungi. Ilipokuja nafasi moja ya mafunzo, nilimpendekeza yule msemaji bila kufikiri mara mbili. Yule wa pili hakulalamika. Baada ya miezi michache aliomba uhamisho, nikasaini.

Wiki tatu baadaye majalada yakaanza kupotea. Kumbe yule kimya alikuwa anafika saa moja na nusu kila asubuhi, anapita ofisi hadi ofisi na kaunta buku lake, anaandika jalada gani liko meza ya nani na limekaa siku ngapi. Alijaza kaunta buku tatu. Nilizikuta kabatini, zimepangwa kwa mwaka. Yule mwenye ulimi alikuwa anafungua kaunta buku la mwenzake, anasoma, anatujibu.

Nilimpigia simu. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilidhani unaona, mama."

Sikuwa naona. Nilikuwa nakaa hatua kumi kutoka mlango wa masjala.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba bosi wako ana kosa, nasema nikijua uzito wake. Kuona kazi za walio chini yako ni sehemu ya mshahara wa bosi. Aliyekujibu "hujiuzi" alikuwa anakutupia wewe kazi yake. Lakini hukuniandikia nimrekebishe yeye, na nikingoja mabosi wote wafumbuke macho, utastaafu kabla sijafika mwisho wa barua hii.

Sasa kuhusu aibu. Umeandika kana kwamba kujisifu ni tabia ya kigeni iliyoletwa na simu. Hapana, binti yangu. Wahaya wana majivugo: mtu anasimama mbele ya Mukama, mfalme wao, na kutamka kwa sauti kuu yeye ni nani na amefanya nini vitani. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili, anajigamba waziwazi. Kwetu Ugogo, ngoma za muheme hupigwa na wanawake. Nilizipiga nikiwa msichana Mpwapwa, na mwanamke akikaa na ngoma yake katikati ya uwanja, anaipiga mpaka vumbi linapanda, hakuna anayesema ana maringo. Kazi yake siku hiyo ni kuonekana.

Ila tazama majigambo hayo yalivyowekewa mipaka. Yalikuwa na uwanja wake, hayakufanyika kila mahali. Yalikuwa na wakati wake. Na zaidi ya yote yalikuwa na mashahidi: aliyejigamba kwamba aliruka boma alikuwa anasema mbele ya watu waliokuwepo bomani. Akiongeza chumvi, kuna mzee wa kukohoa.

Kinachokuudhi kwa huyo kijana, nadhani, ni kwamba kwake uwanja ni kila mahali na mashahidi hawapo. Saa tano usiku kwenye WhatsApp nani atakohoa?

Mkoa wetu unalo funzo kubwa la jambo hili, na naona vijana wa Dodoma siku hizi hawalijui. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga pale Kongwa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewaachia uhaba wa mafuta ya kula, na mpango ulioandikwa London ulizungumzia zaidi ya ekari milioni tatu Afrika Mashariki na Kati, kwa matrekta, haraka haraka. Magazeti yao yalishangilia, mawaziri wakausifu. Mvua ya Kongwa haikuwa imesoma mpango huo. Visiki vya mibuyu na vichaka vilivunja mashine, na udongo ukishakauka jua la Dodoma linaugeuza tofali. Hata karanga zilizoota zilikuwa shida kuzing'oa. Januari 1951 serikali yao ikakubali kwamba mradi umekufa, na hesabu ya hasara iliyotajwa ni pauni kama milioni 36. Leo pale pana ranchi ya Taifa ya ng'ombe, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaambia bure tangu siku ya kwanza. Walijigamba London, udongo uko Kongwa. Shahidi hakuitwa.

Lakini usimfanye mwenzako kuwa mradi wa karanga. Umekiri mwenyewe kwamba si mvivu. Kuna watafiti wawili waliokuwa Canada, Michael Ross na Fiore Sicoly, ambao mwaka 1979 walichapisha jambo nililolipenda sana. Waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake: kati ya kazi za nyumbani, wewe unafanya sehemu gani? Wakijumlisha majibu ya mume na ya mke, mara nyingi yanapita asilimia mia. Si kwamba wanadanganya. Kila mtu anakumbuka vizuri sufuria aliyoisugua yeye. (Nilimjaribu mzee wangu kuhusu kumwagilia bustani. Ugomvi ulichukua siku mbili, na bustani ikakauka.) Kijana wako anakumbuka usiku aliokesha yeye. Nawe unakumbuka wa kwako. Kinachotofautisha ni kwamba wa kwake umepigwa picha.

Basi ufanye nini? Nakuomba kitu kimoja, vingine vitafuata. Kila mwisho wa mwezi andika dokezo la nusu ukurasa kwa mkuu wako. Nusu ukurasa, usizidishe, maana likifika ukurasa mzima atalisoma kwenye ndege, yaani hatalisoma. Tuseme hivi: "Julai tulianza na hoja 11 za ukaguzi. Hadi leo nimejibu tisa na mkaguzi amezikubali. Mbili zimekwama kwa sababu viambatisho vya ugavi havijafika. Nimevifuatilia mara mbili na naomba msaada wako kwa mkuu wa kitengo hicho. Mwenzangu fulani ndiye aliyepata hati za malipo za mwaka juzi zilizokuwa hazionekani." Basi. Hakuna "napambana" humo, hakuna jasho. Kuna idadi, kuna tarehe, kuna anachotakiwa afanye yeye, na kuna shahidi aliyetajwa kwa jina.

Hilo la kutaja wenzako usilione dogo. Ukiandika kwamba huyo huyo kijana alitafuta hati akazipata, umefanya mambo mawili: umesema kweli, na umemfundisha bosi kwamba dokezo lako linaaminika hata pale lisipokusifu wewe. Mwezi wa tatu ataanza kuulizia dokezo lako kabla hujalipeleka. Nimeliona hilo likitokea zaidi ya mara moja.

Na lugha yako. Umenitumia mfano wa taarifa yako ya robo mwaka, nimeisoma yote. "Taarifa imeandaliwa. Hoja zimejibiwa. Usuluhishi wa benki umefanywa." Na nani? Majini? Kiswahili chetu cha ofisini kimelewa kauli ya kutendwa. Mtu anajificha nyuma ya herufi w kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake. Ulipofanya peke yako, andika "nilifanya". Mlipofanya pamoja, andika "tulifanya", na useme ni nani na nani. Mwenye kuandika "nilijibu hoja tisa" hajajisifu. Ametaja mtenda, kama sarufi inavyotaka.

Kisha kuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Najua watumishi wanavyougulia wakiusikia. Mimi ni mtu wa OPRAS, zile fomu za tathmini ya utendaji zilizoanza 2004, ambazo tulizijaza Juni usiku kwa kukisia, kila mtu akiandika malengo baada ya mwaka kwisha. Nilizisaini nyingi za namna hiyo, Mungu anisamehe. Mfumo mpya wa kielektroniki nao utageuzwa kuwa fomu za Juni ukiujaza kwa mtindo uleule. Madokezo yako 12 yakiwepo, unanakili tu, na tathmini yako inakuwa na tarehe na idadi wakati wengine wanatafuta maneno. Huo ndio uwanja wako, na wakati wake unajulikana. Jigambe hapo bila aibu yoyote.

Kuhusu grupu la WhatsApp: kaa kimya. Usishindane na picha. Kwenye kikao, akisema jambo mlilolifanya wote kana kwamba ni lake, sema kwa sauti ya kawaida, "Niongezee hapo," kisha eleza sehemu yako kwa sentensi mbili na ukae. Usimtazame yeye, tazama mwenyekiti. Na siku moja mkiwa wawili, mwambie ana kwa ana kwamba lile lilikuuma. Nusu ya ugomvi wa ofisini niliousuluhisha ulikuwa wa watu wasiowahi kuambiana.

Kukaimu kwake kusikunyime usingizi. Kukaimu si kuthibitishwa. Mpe ushirikiano, na madokezo yaendelee, sasa yakienda kwake. Ndiyo, kwake. Nawe ukifanya yote haya kwa mwaka mzima na bado hakuna anayesoma, basi ujue ofisi hiyo inapima kitu kingine kisicho kazi, na barua ya uhamisho iandike ukiwa na rekodi yako mkononi, si machozi.

Sasa Hombolo. Hapa ndipo niliposoma barua yako mara mbili, kwa sababu ndipo mwandiko wako ulipobadilika. Kurasa mbili na nusu za ofisi umeandika kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Ulipofika kwenye zabibu ukaniambia jinsi unavyotoka mjini Jumamosi kabla ya jua, jinsi udongo unavyonuka baada ya kumwagilia, jinsi ulivyogombana na ndege. Rafiki yako anataka hilo uligeuze tangazo.

Ngoja nikuambie yaliyonikuta. Ngoma zangu za muheme sikuzitaja ofisini kwa miaka mingi. Kisha alikuja mkurugenzi mmoja kutoka pwani, akatuuliza kwenye chai, "Nyie huku wikendi mnafanya nini, mbona ni vumbi tu?" Kiburi cha nyumbani kikanipanda, nikamwambia sisi wanawake wa Kigogo Jumamosi tunapiga ngoma. Akafurahi mno. Kuanzia siku hiyo nikawa "mama wa ngoma". Kila anayestaafu, niandae burudani. Mgeni kutoka wizarani, niandae burudani. Nane Nane pale Nzuguni, nilete kikundi, na posho ya kikundi nikaihangaikie mimi. Ilifika mahali nikisikia Jumamosi imekaribia kichwa kinauma. Kitu kilichokuwa kinanipumzisha kutoka ofisini kilikuwa kimepewa meza na kiti ofisini.

Nilikuja kukipata tena baada ya kustaafu. Tuko sita, nyuma ya nyumba ya jirani yangu Nkuhungu, hakuna anayerekodi. Mmoja wetu anapiga vibaya miaka yote na hatumwambii.

Sikuambii ufiche shamba. Marehemu Hukwe Zawose aliuchukua muziki wa Kigogo kutoka huku akaufikisha majukwaa ya Ulaya, na hakuna aliyemwambia anajitembeza. Ile ilikuwa kazi yake na aliichagua. Ukitaka siku moja zabibu ziwe kazi yako, zirushe mtandaoni, taja bei, weka namba ya simu, jinadi kama wauza nguo wa Sabasaba. Lakini zitangaze ili ziuzike. Zisipande jukwaani ili wewe upewe ukuu wa kitengo cha fedha. Hilo shamba halijasomea uhasibu.

Ukipenda, wapelekee wenzako kikapu kimoja msimu ukifika, uweke mezani bila picha wala hotuba. Bosi atakula, atauliza zimetoka wapi, utamjibu. Huenda akawa na shamba Chinangali au Makutupora hujui, mkaongea habari za ukungu na bei ya dawa kwa dakika tano. Mabosi wengi nimewafahamu kwa vitu vidogo kama hivyo kuliko kwa vikao.

Umeniuliza mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, ufanyeje Agosti na Septemba, maana mavuno ya pili yanagongana na kufunga hesabu. Hilo ndilo swali gumu kuliko yote na nimelifikiria. Mavuno ya Februari na Machi yafanye kwa mikono yako, ni miezi ambayo una pumzi. Haya ya Agosti mkabidhi mdogo wako uliyesema hana kazi, mlipe kwa kilo na si kwa siku, na mwandikie kwenye daftari kila kreti inayotoka, tarehe na uzito, kwa sababu naye atakuja kudhani unaona.

Mimi nahitaji kreti mbili msimu huo. Bei itaje mwenyewe, usingoje niikisie.